Marufaa kwa Macho Mawili

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili usifike katikati ukaanza kutafuta wa kulaumu, ukamwonea mtu bure. Miaka ishirini na sita nimepiga watu picha mjini Nairobi. Nimeibiwa kamera mara nne, moja kati ya hizo na bwana harusi mwenyewe, picha za keki zikiwa bado ndani. Nimetapeliwa na watu wa suti na watu wa kandambili. Nikajiambia, Kivuva, shule ya dunia umeimaliza, kilichobaki ni kungoja cheti. Kumbe hata darasa la pili sikuwa nimevuka.

Studio yangu iko River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi. Majirani wananiita Pasipoti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Unakaa kwenye stuli, unafunga mdomo, masikio yaonekane, usicheke. Kucheka ni kazi yangu. Kila anayekalia ile stuli lazima nimchokoze kidogo, maana mtu aliyechokozwa husahau kuogopa kamera. "Mzee, usikaze uso hivyo, watadhani unakwenda kuwadai." Uso unalegea, nabonyeza, anayefuata.

Saa nne asubuhi akaingia mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, vumbi la mbao kwenye nyusi, mfuko wa gunia begani. Mkononi alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, ile ya rangi ya fedha ambayo watu waliitupa siku simu zilipoanza kupiga picha.

"Niaje, madam," nikamwambia. "Hiyo kamera umerithi, ama umeichimbua?"

"Ni ya mtumba. Inafanya kazi. Wewe je?"

Nikajua huyu hatanipa raha.

"Naitwa Kaindi. Ni fundi wa kuchonga, niko Riruta. Nataka unichapie picha zilizo hapa. Ziwe ndogo kama za pasipoti, mbili mbili kwa karatasi moja, zikae zimeshikana. Nanunua msasa na patasi hapo chini, narudi saa sita. Uko sawa?"

"Madam, mbili mbili ndiyo kazi yangu. Enda, ukirudi utazikuta tayari."

Hapo ndipo nilipopotea, nikiwa nimesimama dukani kwangu. Kwa mtu wa pasipoti, picha mbili zilizoshikana ni picha moja iliyochapwa mara mbili. Hivyo ndivyo ilivyo tangu nilipoanza. Ubalozi haujawahi kumwambia mtu alete picha mbili tofauti. Kwa hiyo sikuuliza swali hata moja.

Nikatia kadi ya kamera yake kwenye kompyuta. Picha ishirini na nne, zote za kitu kimoja: marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma. Nilikijua, maana wauza vitabu wa Kiislamu mjini wanaviuza. Ni ubao mmoja uliopasuliwa katikati ya unene wake, ukafunguka miguu kama mkasi, bila bawaba wala msumari. Lakini hii haikuwa ya dukani. Ubao wake wote ulikuwa umechongwa maua na majani na mizabibu, yote ya rangi ile ile ya mti mkavu, yamesokotana. Kwenye picha ilionekana kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni.

Tena kila picha ilikuwa imepigwa mara mbili. Si sawasawa kabisa. Ya pili ilikuwa imesogea kidogo upande, kama vile mpigaji alisukumwa na mtu. Nikacheka peke yangu. Masikini, mkono unatetemeka. Nikafanya lile ambalo mpiga picha mwenye moyo mzuri hufanya: nikachagua iliyo safi katika kila mbili, nyingine nikafuta. Nikachapa ile safi mara mbili, nikakata kwa wembe, kingo zimenyooka. Karatasi kumi na mbili. Kadi nayo nikaisafisha yote, aanze upya.

Halafu wakapanda ngazi wanafunzi wa udereva, arobaini, wote wanataka picha za leseni, na kadi yangu imejaa. Kadi ya Kaindi ilikuwa tupu pale mezani. Nikaiazima. Najua mjini kuna mafundi wanaofufua picha zilizofutwa, lakini hata wao hawafufui kitu ambacho umekizika na juu yake ukajenga ghorofa ya nyuso arobaini.

Saa sita Kaindi akarudi. Nikamkabidhi bahasha kwa mbwembwe. Akatoa kwenye gunia lake boksi la majani ya chai lililotobolewa mashimo mawili, kila shimo limebandikwa lenzi ya miwani ya kusomea, ile miwani minene inayouzwa hapo nje barabarani. Akatia karatasi ya kwanza nyuma ya boksi, akaweka macho. Akatoa, akatia ya pili. Ya tatu. Mikono ikaanza kwenda haraka.

"Hizi ni sawa," akasema.

"Sawa kabisa! Ukichukua rula—"

"Sikia. Ya kushoto na ya kulia ni picha moja."

"Ndiyo. Ulikuwa umetikisika, madam. Nimekuchagulia zile—"

"Zile zingine ziko wapi?"

Nikamwambia. Nilipofika kwa wanafunzi wa udereva sauti yangu ilikuwa imebaki kidogo sana.

Kaindi akakaa kwenye stuli ya pasipoti. Mtu wa kwanza kukaa pale nisimchokoze. Hakunitukana, na angenitukana ningepata nafuu. Akaangalia mikono yake.

"Hiyo marufaa aliichonga baba yangu," akasema. "Kiema. Pengine ulimsikia akitajwa, alikuwa anauzia hapa hapa chini kabla wewe hujakuja na makelele yako. Maua yako tabaka tatu, moja nyuma ya lingine, ndani ya ubao mmoja. Aliniambia atanionyesha patasi inaingia wapi siku mkono wangu utakuwa umekomaa. Akaanguka kabla. Nimejaribu miaka mitatu, Mzee. Mbao kumi na moja zimenivunjikia hapo tabaka la tatu. Mwezi uliopita nimeenda kutengeneza rafu ya jikoni ya mama mmoja Kileleshwa, naona hii kwa meza. Ya kwanza kuiona tangu tumzike. Leo asubuhi ndiyo ameniacha niipige picha, maana anahama leo, anarudi kwao Lamu. Saa nane wanaondoka."

"Lakini si bado una hizi kumi na mbili? Safi kabisa."

Akanipa moja. "Niambie. Hili jani liko mbele ya hili ua, ama nyuma?"

Nikaangalia. "Mbele."

"Uko sure?"

Nikaigeuza kwenye mwanga. "Nyuma."

"Chagua moja."

"Kaindi, dada yangu," nikaanza, kwa ile sauti ya mwalimu ambayo nikiikumbuka leo natamani kujificha, "picha ni kitu bapa. Hata ungepiga mia. Karatasi haina mbele na nyuma, nani alikudanganya?"

Kaindi akavuta gunia lake. Akatoa karatasi nyingine guniani, jozi aliyoichapisha kwingine wiki iliyopita. Ilikuwa picha ya meza yake ya kazi huko Riruta. Akaitia kwenye boksi, akanisukumia. "Weka macho. Usikaze. Ngoja."

Mwanzo niliona picha mbili zimekaa kando kando kama majirani walionuniana. Nikataka kusema neno la kejeli. Ndipo zikaanza kusogeleana, polepole, bila mimi kufanya chochote, zikagusana, zikaingiana. Na meza ikatoka.

Sijui niseme vipi. Ilitoka. Nyundo ya mti ilikuwa karibu na pua yangu, ningeweza kuishika mpini. Nyuma yake maganda ya mbao yamejikunja kama masikio, kila ganda limeinuka na hewa yake chini. Nyuma zaidi patasi zimening'inia ukutani, na kila patasi ilikuwa na kivuli, na kati ya patasi na kivuli chake palikuwa na nafasi. Nafasi! Mimi nimepiga picha za vitu miaka ishirini na sita. Sikuwahi hata siku moja kupiga picha ya utupu ulio kati ya kitu na kitu. Na pale ulikuwepo, umetulia, unaweza kupitisha mkono.

Nikaupitisha. Nikamwaga gundi yote mezani.

"Wote wanafanya hivyo," akasema Kaindi.

"Ulitumia kamera gani?"

"Hii hii."

"Moja?"

"Funga jicho moja. Tazama kidole chako. Sasa funga hilo, fungua lingine. Si kimeruka? Kila jicho linaona kivyake, kichwa ndicho kinaunganisha. Kamera yangu ina jicho moja, kwa hivyo naisogeza. Kitu kikiwa mbali, naegemea mguu wa kushoto nabonyeza, naegemea wa kulia nabonyeza. Kikiwa karibu natumia hii."

Akanionyesha kipande cha mti chenye mfereji uliochongwa ukanyooka kama uzi. Kamera ilikaa ndani yake, ikateleza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ikagota. Upana wa vidole viwili, basi.

Kile nilichokiita kutetemeka kilikuwa vidole viwili vilivyopimwa na fundi.

Saa ilikuwa sita na dakika ishirini. Simu ya yule mama haikushikwa. Nikairudisha kadi kwenye kamera yake, nikachukua begi langu la harusini, lenye ile printa ndogo ninayochapia picha papo hapo watu wakiwa bado wanakula pilau, nikafunga studio mbele ya mteja aliyekwisha kuchana nywele. Tukapanda boda wawili nyuma ya mwendeshaji, na ajabu ni kwamba njia nzima sikumchokoza mtu.

Kileleshwa tulikuta gari uani, buti wazi, magodoro yamefungwa juu. Kijana mwenye ndevu zilizonyolewa vizuri alikuwa anakaza kamba. Ndiye Ridhaa, mpwa wa mwenye nyumba, aliyetoka Mombasa kuja kumchukua shangazi yake. Mwenyewe, Bi Zainab, alikuwa juu, ghorofa ya tatu, amekaa kwenye kimoja cha viti viwili vilivyobaki, buibui lake limenyooka, msahafu umefungwa kitambaa cheupe mapajani.

"Kaindi mwanangu, umesahau nini?"

Kabla Kaindi hajajibu, Ridhaa alikuwa ameshatufuata juu, funguo zinalia kidoleni. "Si ulishapiga picha asubuhi? Ngapi?"

"Ishirini na nne," akasema Kaindi.

"Ziko wapi?"

Kaindi hakunitaja. Aliangalia kamera yake.

"Nilizifuta," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilidhani namsaidia."

Bi Zainab akanitazama kutoka viatu kwenda juu. "Huyu ndiye mpiga picha?"

"Ndimi, mama. Mwaka wa ishirini na sita."

"Basi usikate tamaa, mwanangu. Utajua tu."

Nikacheka. Ningefanyaje? Nilikuwa nimechokozwa na bingwa.

Ridhaa hakucheka. "Shangazi, marufaa iko chini kabisa kwenye sanduku, chini ya vyombo, ndani ya gari. Na njia ya Mombasa unaijua, malori yale. Ukitaka tulale Voi, tutoke sasa."

"Nitashusha mimi," nikasema. "Na nitapakia mimi."

"Mwache ashushe," akasema Bi Zainab. "Mwenye kosa hapumzishwi."

Nilishusha sufuria saba, kinu na mchi wake, birika la shaba, na ile mbuzi ya kukunia nazi, ambayo iliniuma muundi kama inanijua. Chini kabisa, ndani ya leso mbili, ndimo ilimokuwa. Nikaipandisha ngazi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa siku moja.

Kaindi alikuwa ameshaweka kile kiti cha pili barazani, mahali jua lilipoingilia ubavuni. Akaifungua marufaa juu yake. Nikamwambia nina kamera kubwa, nina taa, kwa nini asi—

"Mzee, shika hiyo leso isipeperuke."

Nikashika leso.

Alikipanga kile kipande cha mti juu ya kopo, akapima kwa jicho, akasogeza. Kamera kushoto, ikagota. "Asisogee mtu." Akabonyeza. Akaitelezesha kulia, ikagota. Akabonyeza. Kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili hakuna aliyepumua, hata Ridhaa alikamata funguo zake zisilie. Halafu Kaindi anahama, anapanga upya. Mbele, ubavu, nyuma, ndani ya miguu. Mara ya saba akaniachia mimi niisogeze. Vidole viwili tu, safari fupi kuliko zote nilizowahi kufanya, na mkono uliotetemeka siku hiyo ulikuwa huo wangu.

Tulipomaliza nikawasha printa sakafuni, nikachapa, nikakata kwa mkasi. Kwa pupa nikabandika ya kulia kushoto. Kaindi akaweka macho, akakunja uso.

"Umezigeuza, Mzee. Maua yameingia ndani. Sasa baba yangu amechonga shimo."

Nikachungulia, na kweli: kila ua lilikuwa limebonyea kama alama ya muhuri kwenye tope, kila kilichokuwa karibu kimekwenda mbali. Hata kosa lenyewe lilikuwa la ajabu. Nikabandua, nikabandika ilivyopaswa, nikampa.

Akatazama. Akaendelea kutazama. Barabarani boda zilipita, muuza mboga akaita chini, akaita tena. Kaindi hakutikisika. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka peke yake, vidole vikiwa vimeshika kitu ambacho hakikuwepo, ukaanza kusukuma hewani. Kidogo kidogo. Ukasimama. Ukageuka, ukasukuma kutoka upande wa pili.

"Alipasua kwanza," akasema, ndani ya boksi.

Mkono ukasukuma tena hewani.

"Alipasua ubao kwanza. Akaufungua miguu. Halafu ndiyo akachonga tabaka la tatu, kutoka ndani. Ona alama za patasi, zinatoka kule zinakuja huku. Mimi naogopa ubao mwembamba, nachonga kwanza ndiyo nipasue. Miaka mitatu nalazimisha patasi ipite mahali hakuna mlango." Akaondoa macho kwenye boksi. Yalikuwa yamelowa, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake la utotoni. "Asubuhi niliishika kwa mkono na sikuona. Nilikuwa na haraka, macho yanakimbia huku na huku. Hapa imetulia. Inaningoja."

Zamu yangu ikafika. Ile sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni ilikuwa bustani. Tabaka la kwanza lilikuwa la mizabibu, inapita karibu kabisa na uso, mtu ungejikinga isikuchubue. Nyuma yake, baada ya giza jembamba, majani, kila jani limejipinda kutafuta mwanga. Na huko ndani kabisa, mahali ambapo mimi kwenye picha yangu bapa niliona weusi tu, palikuwa na maua madogo yenye petali tano tano, mamia, hakuna mawili yaliyolingana. Nani aliambiwa ayachonge? Nani angeyaona? Kiema alikaa hapo chini River Road, katikati ya makelele ya makanga wa matatu na vumbi la saruji, akatia maua mahali ambapo jicho haliendi. Nikajikuta nazuia pumzi nisije nikayapuliza yakaanguka.

"Nipe na mimi," akasema Bi Zainab.

Alivua miwani, akainamia boksi. Akasema subhanallah. Akasogeza kichwa kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani kuona aliye ndani, akasema tena, mara hii kwa sauti ndogo zaidi.

"Marehemu mume wangu Shee aliileta imefungwa gazeti," akasema. "Alikuwa karani, mshahara mwembamba, nikamgombeza. Miaka arobaini nasoma juu yake. Naifungua, naweka msahafu, nasoma, nafunga. Sikupata hata siku moja kuinama nikaitazama. Kumbe kulikuwa na haya yote chini ya mikono yangu?"

"Hata mimi nilikuwa sijui," akasema Kaindi. "Na mimi ni mtoto wake."

Ridhaa alichungulia wa mwisho, kwa shingo upande, kama anayetimiza wajibu. Kisha shingo ikanyooka. Akakaa hapo muda mrefu kutushinda sote. Funguo zilimponyoka, zikaanguka sakafuni, hakuziokota. Nikafurahi. Nikasema moyoni, na huyu naye ameuona mlango.

Aliuona kweli, na ndiyo maana alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shangazi," akasema, "hizi picha zifutwe."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Hii kitu sikuwa najua ni hivi. Hakuna nyingine kama hii. Sasa huyu dada amejua imechongwa vipi. Atarudi Riruta achonge moja, kesho kumi, keshokutwa ziko kila duka kuanzia Biashara Street mpaka Mombasa. Yetu itabaki na nini?"

"Ni kazi ya baba yangu," akasema Kaindi.

"Baba yako aliiuza, dada. Kitu kikiuzwa kimeuzwa."

"Aliuza ubao. Mkono wake hakuuza."

"Lete kamera. Sina ugomvi na wewe. Futa tu, tukae kwa amani."

Akanyoosha mkono. Kamera ilikuwa karibu nami kuliko kwake, nikaichukua nikaibana kifuani kwa mikono miwili. "Bwana Ridhaa," nikasema, "kama unataka mtu wa kufuta, mimi ndiye fundi wa kufuta Nairobi nzima, uliza wanafunzi wa udereva. Lakini hii leo sifuti. Nipige ukitaka."

"Mzee, usinifanye nikukosee heshima."

"Nikosee. Nimezoea."

"Shangazi, waambie! Ni mali ya nyumba yetu. Ikiwa kila mtu anayo, basi hatuna kitu. Si ndivyo? Niambie kama nakosea."

Kaindi hakuwa anamtazama Ridhaa. Alikuwa anaitazama marufaa pale kitini, midomo inatikisika kidogo, na nilijua anafanya nini. Alikuwa anaikariri, petali kwa petali, kabla haijachukuliwa tena.

Bi Zainab aliinuka. Akaikunja miguu ile marufaa, akaifunga leso ya kwanza, akaifunga ya pili, bila haraka yoyote. Akampa Ridhaa aibebe. Kisha akachukua msahafu wake pale alipouweka, akaushika kifuani.

"Ridhaa," akasema, "kitabu hiki kimenakiliwa mara ngapi tangu watu waanze kukisoma? Haya, niambie kimepungua herufi gani."